Kirikuu Kilichonunuliwa Kikaoni

Kabula, rafiki yangu,

Sijui huko uliko mtu anasalimiwaje, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Kirikuu kimepatikana, kile kigari chetu cha kubebea mizigo. Kimeegeshwa hapa kwangu Ipole, mbele ya dirisha, na nimeshachoka nacho kabla hakijabeba hata ndoo moja ya asali.

Tulidhani itakuwa rahisi. Siku ile tulipokwenda Tabora kununua ndoo ulinionyesha picha kwenye simu ukasema, "Hiki hapa, Nyamizi, kinacheka." Tukakubaliana palepale. Tulikuwa tumechoka kukaa na asali yetu tukimngoja mwenye lori aje ainunue kwa bei yake, naye anajua fika kwamba tunamngoja. Halafu presha ikakuchukua ghafla, mimi nikiwa bado nabishana nawe kichwani juu ya rangi.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Baba yako, maana nusu ya kirikuu hicho ni yako na sasa iko mikononi mwake. Nikamweleza mnada wa mtandaoni ulivyo. Gari liko Japani, sisi tunalitazama kwenye simu, na zamu yake ikifika linauzwa kwa dakika chache. Mwingine akipandisha bei, unabonyeza au unaliacha liende. Nikamwomba ukoo unipe ruhusa mapema ili nibonyeze kwa niaba ya wote. Akasema kitu cha marehemu hakinunuliwi na mtu mmoja akiwa chumbani kwake. Tukae, tununue pamoja.

Basi tukakaa, saa tatu asubuhi, saa ileile ya gari. Unawajua watu wa kwenu. Simu zote zilikusanywa kwenye ungo katikati ya sebule, maana mzee akizungumza hakuna kuchungulia kitu kingine. Zikapita salamu, ikapita sala. Kisha Baba akasimama kufungua kikao, akaanzia kwa babu yake aliyekuwa mpagazi, aliyekwenda pwani kwa miguu na mzigo begani, ili tujue kwamba ukoo huu haukuanza leo kuhangaika na usafiri. Simu yangu ikawa inatetemeka kwenye ungo, inasogea yenyewe, na kila mtu anaiona. Hakuna aliyethubutu kuigusa, hata mimi. Babu alikuwa bado yuko njiani Ugogo, na gari letu likawa limekwenda kwa mtu mwingine.

Nililia kwa hasira nyuma ya jiko lenu. Na unajua walichofanya? Wakaitisha kikao kingine cha kujadili kwa nini gari limetuponyoka. Hapo ndipo kaka yako Masanja alipoleta habari ya gari la Noah, eti tubebe abiria wa Sikonge na Tabora, asali itafuata baadaye. Shangazi yako naye akasema lisiwe jeupe, linaonyesha vumbi. Msimu unakaribia, wenye malori wameshaanza kupita wakiuliza habari za mizinga, na sisi tunajadili vumbi.

Gari la pili lilipopatikana mnadani tulikaa tena, ila sikuiweka simu kwenye ungo. Niliificha chini ya kitenge. Baba akasimama, na babu akaanza tena safari. Nikachungulia, nikaona zamu yetu imefika na bei inapanda. Kabula, nilisimama. Mimi mwanamke nisiye wa ukoo, nasimama mzee akiwa anazungumza. Nikasema, "Baba, nisamehe. Gari linaondoka." Masanja akaguna. Shangazi akaziba mdomo kwa mkono. Baba alinitazama mpaka nikaona nimeharibu kila kitu, kisha akasema, "Bonyeza, mwanangu. Babu atatusubiri hapohapo Ugogo."

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Kikawa chetu. Wakapiga vigelegele walewale walionichelewesha, na Baba akaendelea na babu yake hadi akamfikisha Bagamoyo. Safari hii nilisikiliza mpaka mwisho.

Kwenye picha kilikuwa kinang'aa. Kimefika, mlango wa kushoto haufungi mpaka uupige teke, na huko nyuma kuna kutu iliyopakwa rangi juu yake. Nilimpigia wakala wa Dar aliyetutolea gari bandarini, akaniambia kwa sauti yake ya kubembeleza, dada, si ni gari la mtumba hilo? Nilimkatia simu.

Hayo ningeyavumilia. Shida ni kwamba mwenye leseni ulikuwa wewe. Kazi yangu ilikuwa kukaa kushoto na kugombana na wateja. Sasa Masanja anatembea Sikonge nzima akisema gari lake limefika, na kila akija hapa anauliza ufunguo. Nikimpa atalijaza abiria, nasi tutarudi kumngoja mwenye lori. Nimemwambia ufunguo haujulikani ulipo, na nimeufunga kwenye pindo la kitenge hata sasa ninapoandika. Akina mama wenzetu wa asali wananiuliza kwa upole nani atatuendeshea, nami nawajibu vibaya. Hawana kosa.

Nimemlaumu wakala, nimemlaumu kaka yako, nimewalaumu hata Wajapani. Jana niliingia ndani ya kirikuu, nikaupiga mlango teke, nikakaa kushoto kwangu. Nikakaa. Nikawa naona mbona hatuondoki, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nakungoja wewe uje uwashe. Ninayemkasirikia ni wewe, Kabula. Tulipanga kila kitu, hukuniambia kama utaondoka. Nililia mpaka kioo kikaingia ukungu. Kisha nikashuka, nikazunguka mbele ya gari, nikaingia upande wako. Miguu yangu haifiki vizuri kwenye breki. Ulikuwa mrefu wewe.

Jumatatu naanza kujifunza kuendesha, nimeshazungumza na mwalimu wa Sikonge. Gari litanizimikia katikati ya barabara, watu watacheka, na Masanja atacheka kuliko wote. Lakini asali ya msimu huu itafika Tabora, na usukani nitaushika mimi. Hilo nakuahidi, na huwa sitoi ahadi ovyo, wewe unajua.

Hasira zikinipungua nitakuja kaburini nikusalimie vizuri. Leo siwezi. Lala, rafiki yangu. Nimesogeza kiti mbele.

Nyamizi