Kwangu Analia, kwa Dada wa Mazoezi Anacheka

Mpendwa mshauri, nishike mkono, wivu umenifikisha pabaya. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni seremala, miezi tisa iliyopita alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono, mfupa ukaunga, picha tuliiona kwa macho yetu, lakini kila nikimgusa anaruka kama nimemchoma na pasi, hata shuka likimpitia anaguna, nami nikavumilia mpaka siku niliyomfuata kimyakimya kliniki anakofanyishwa mazoezi ya mkono, nikachungulia dirishani, nikamwona dada wa mazoezi ameushika mkono uleule, anaukunja na kuukunjua, na mume wangu anacheka, mshauri, anacheka! Nilirudi kazini nikamshonea mteja gauni mkono mmoja ndani nje. Jioni nikamuuliza, "Kwangu unalia, kwake unacheka. Huo ni ugonjwa au uongo?" Akasema, "Mama Pacha, hata mimi sielewi." Basi nikaficha kadi yake ya kliniki, nikamwambia kliniki imefungwa kwa ukarabati, na sasa wiki ya tatu maumivu yamepanda hadi begani, hawezi kushika msumeno wala kufunga vifungo vya shati. Je, ananidanganya?

Mama Pacha

Mama Pacha, pole, ila umekosea na nitakwambia. Mumeo hadanganyi. Mfupa umepona, lakini mishipa ya fahamu bado iko macho. Mtu akiumia sana, mishipa hiyo, uti wa mgongo na ubongo vinaweza kuendelea kutangaza hatari hata baada ya jeraha kufunga. Mguso mdogo hufika kichwani kama pigo, na hofu na ugomvi huzidi kuchochea maumivu. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Kwa yule dada anaguswa polepole na anaambiwa mapema kinachofuata. Kwako anaguswa na mtu anayemchunguza kama mwizi. Wewe ungetulia?

Leo, kabla hujakata kitambaa kingine, mwambie kliniki haikufungwa na kadi unayo wewe. Atakasirika, mwache, usijitetee. Kesho nendeni wote, uingie ndani, mweleze daktari maumivu yalivyopanda, kisha umwombe huyo dada akufundishe pa kuanzia kumgusa na pa kuishia. Utamwonea wivu hata hapo, umeze wivu huo, ujifunze. Nyumbani usimguse kabla hujamuuliza. Akisema bado, kaa karibu naye na usinune. Itachukua muda mrefu kuliko unavyotaka.