Nimeifufua Injini, Sasa Wanataka Funguo

Mshauri wetu, niokoe, maana mwisho wa mwezi mama mkwe ameitisha kikao cha familia na mshtakiwa ni mimi.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia, na gari langu ni la mwendo kasi, la milango miwili, ndilo linalonipeleka kazini kila siku, basi injini yake ikachoka, ikawa inakunywa oili kama mlevi aliyelipiwa na kutoa moshi wa buluu hadi majirani wanafunga madirisha, mafundi wakasema nitafute injini ya mtumba, nikakataa, nikaishusha mwenyewe kwenye gereji ya kaka yangu, pistoni nikazileta nyumbani nikazipanga chini ya kitanda kwenye trei zangu za meno, kila moja na namba ya silinda yake, na mume wangu, ambaye ni dalali wa nyumba na mdomo ndio jembe lake, akawa anawaita rafiki zake, "Njooni muone, mke wangu kafungua duka la vyuma chakavu chumbani!" na wifi yangu anadakia, "Kaka, ukiamka na nati mdomoni usishangae!" Nikanyamaza, nikapima, nikakaza, na juzi nikawasha: ikashika mara moja, moshi hakuna, inakoroma kama paka aliyeshiba, nikalia mbele ya kaka yangu bila aibu.

Sasa mume wangu anataka funguo akawaoneshe rafiki zake barabara kuu "kazi yetu". Yetu, mshauri! Nimemnyima, kwa sababu ringi mpya za pistoni, zile pete za kuzuia oili isipande, bado hazijazoeana na silinda, na akilikanyaga hadi mwisho sasa hivi, kazi yote imekwisha. Mama mkwe anasema, "Mke anayeficha funguo anaficha na mengine." Nampenda mume wangu. Je, nimpe tu, nyumba itulie?

Mwenye Moshi wa Jana

Mwenye Moshi wa Jana,

Usithubutu! Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Hongera, mwanamke! Ushindi una ndugu wengi, lakini ulipokuwa na grisi kwenye kucha hao ndugu walikuwa wanacheka mlangoni.

Ila na wewe nikuseme. Mbona unaandika kama mwizi aliyekamatwa na mali ya watu? Nyumba gani hutulia kwa kuua injini? Na huko kunyamaza kwako ndiko kulikokuponza. Uliwahi kumwonesha mumeo ringi, ukamweleza kazi yake? Ulidhani kazi itajisemea. Dada yangu, mbele ya dalali, kazi haijisemei!

Basi fanya hivi. Siku ya kikao, wachukue wewe kwa hilo gari, uwapeleke kikaoni. Mama mkwe mketishe mbele, kwa heshima zote. Mumeo apande nyuma, kwenye kakiti kale, magoti yamguse kidevu. Endesha taratibu, ukipandisha na kushusha mwendo, huku ukieleza kwa nini. Mkifika, weka ringi ya zamani mezani, iliyolika, na mpya kando yake, kila mtu aishike. Hapo shtaka litajifia lenyewe.

Funguo zibaki kwako hadi siku ya kumwaga oili ya kwanza, ringi zikiwa zimeshazoeana na silinda. Siku hiyo mumeo alale chini ya gari, afungue nati kwa mkono wake, oili imchuruzike hadi kwenye kiwiko. Akiinuka hapo na kusema "kazi yetu", mpe funguo. Hatakuwa amesema uongo.