Naomi Kalala Mgongoni

Jumanne usiku.

Nina miaka sabini na sita. Vita viwili vimepita nipo, na daktari aliyesema sitafika sabini nilimzika mimi. Leo nishindwe na mjukuu wa miezi minane?

Asubuhi binti yangu Espérance, akienda saluni kwenye kazi yake ya kusuka, alisema, "Papa, Naomi akilia tena kutwa, kesho nampeleka kreshi." Kreshi! Akalelewe kutwa na watu wasiojua hata kwao ni wapi.

Aliniachia kile kibebeo cha mikanda. Kibovu, hakifungiki. Nikachukua kitenge, nikamfunga Naomi mgongoni, fundo kifuani kama kina mama. Kikateleza. Mwanamume hana cha kukizuia.

Jirani yetu, Gogo Thandi (bibi huku huitwa gogo), alikuwa anaanika nguo. "Eish, babu! Funga juu ya kitambi. Tumbo lote hilo la nini?"

Kweli fundo likakaa. Nikatoka naye kutembea mtaani, na kabla hatujafika duka la spaza, Naomi anakoroma. Vijana wakacheka, nami nikatembea kama jenerali.

Espérance alirudi akatukuta hivyohivyo. Kreshi hakuitaja tena.

Anayebisha amuulize Gogo Thandi. Ila fundo nilifunga mimi, hata akisema nini.