Shikamoo Iliyonaswa na Kisahani

S.L.P. 212,
Nyahanga, Kahama.
6 Juni 1999

Mpendwa mdogo wangu Bujiku,

Hujambo huko Uswidi? Baridi imekuachia kidogo, au bado unavaa makoti mawili kama kwenye ile picha? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mama ana nguvu zake, ni magoti tu yanamsumbua asubuhi. Baba mdogo Makoye ametoka hospitali ya Kolandoto, jicho limepasuliwa vizuri, na sasa anaona kiasi cha kulalamika kwamba sisi sote tumezeeka.

Mpunga umetupendelea mwaka huu. Shemeji yako Donatus anapeleka mchele Geita, machimboni, na anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Watoto wanasoma, isipokuwa wakiona mpira.

Sasa nije kwenye kifurushi chako. Kilifika salama, na barua yako tumeisoma. Uliandika kwamba tukishasikiliza hiyo CD tutazitupa kanda zetu zote. Hapo ulimchokoza Donatus, mtu ambaye utepe ukikwama hukaa nao jioni nzima akiuzungusha kwa kalamu. Alisema hakuna kitu ambacho CD itasikia na kanda isisikie, kisha akapanda lori lake akaenda zake Geita.

Redio yetu haijui CD, kwa hiyo nilimpeleka mama mjini, dukani kwa Dilip. Ameleta redio mpya, CD unaiweka juu na kanda mbili mbele. Alisogeza jenereta nyuma ya duka ili isitupigie kelele. Mama yake, Induben, akampa mama kiti karibu na spika, naye akajivutia chake, maana hao wawili wakikutana duka linakuwa lao.

Nikwambie ukweli, mimi niliyeimba sauti ya pili kanisani tangu nikiwa msichana: umeshinda. Kwenye kanda zako za zamani kwaya yenu ilisikika kama inaimba mvua ikipiga bati. Safari hii nimewasikia wa besi mmoja mmoja, nimesikia wanavuta pumzi, hata mtu aliyefungua ukurasa nimemsikia. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nilikuja na mama.

Yeye aliposikia sauti yako aligeuka akatazama mlangoni. Ulisikika karibu mno, mdogo wangu. Halafu ukaomba ubaki miaka miwili zaidi, kwa ajili ya masomo. Mama akainamisha kichwa. Ulimwahidi utarudi mwaka huu, na ng'ombe wa kukupokea ameshatengwa. Niliumia kwa ajili yake, na kwa ajili yako pia, maana nilijua jibu litakuwa hapana.

Kumbe mama anasikiliza mengine. Alimwambia Dilip arudishe nyuma.

“Kuna mtu anakoroga chai,” alisema.

Induben akasema naye amekisikia kijiko, na kwamba mkorogaji ana mkono mpole. Dilip akaongeza sauti. Ukasema, “Naomba baraka zako, mama,” ukanyamaza, kijiko kikanyamaza, na sauti ya mwanamke ikasema chini chini, kwa kubabaika, “Shikamoo, mayu.” Kisha wimbo ukaanza.

Bujiku, nani amemfundisha huyo kumwita mama kwa Kisukuma? Masomo yenyewe ndiyo hayo?

Dilip alitunakilia kila kitu kwenye kanda ili tusikilize nyumbani. Donatus aliporudi tukamwekea. Akakusikia wewe, akasikia kwaya, akasikia na ule mchakacho wa kanda, lakini mwanamke hayupo. Tukarudia, hayupo. Kijiko pia hakipo. Donatus akacheka akasema tumeota. Mimi nilibishana naye mpaka ugali ukapoa. Mama aliniambia baadaye kwamba huenda uzee umeanzia masikioni, na kwamba labda amesikia alichokuwa anakitamani. Hilo lilinikata maini.

Kwa hiyo tulikwenda na mama, nikamshika Donatus mkono mpaka kwa Dilip nikamkalisha kwenye kiti kile kile. Alisikiliza mara moja tu. Akakuna kichwa, akasema kanda zetu zimechakaa. Mama alinyanyuka bila kushika magoti, hebu fikiria.

Alitaka kujibu hapo hapo. Aliinama juu ya redio, akaanza kusema, Dilip akamweleza kwa upole kwamba CD hiyo inatoa tu, haipokei.

“Kinaleta shikamoo halafu hakipokei marahaba?” mama akauliza. “Basi kisahani hiki kina masikio lakini hakina adabu. Wiki nzima nimesalimiwa sijaitikia. Huyo mtoto wa watu ananionaje?”

Donatus alitembea kifua mbele mpaka nyumbani. Ndiyo maana humu kwenye bahasha utakuta kanda, tena mpya, hajakubali tutumie iliyotumika. Upande mmoja nimekuimbia mimi, usicheke. Upande wa pili ni mama.

Jibu lako limo humo, nakudokezea tu ili usiungue moyo ukitafuta mashine ya kanda: kaa hiyo miaka miwili, baraka umepewa. Ila katikati yake mje huku, na anasema mje, si uje. Ng'ombe anaendelea kunenepa.

Baba mdogo Makoye anakusalimu sana, Donatus anakusalimu na kanda zake, Dilip na Induben pia. Induben anauliza kama huko sukari ni adimu, maana kijiko kilizunguka muda mrefu. Tuandikie jina la huyo mwenzio, tumechoka kumwita Mkoroga Chai. Mungu awafunike wote wawili, na baridi isiwaone.

Neno la mwisho. Ukiiweka kanda, kaa naye karibu. Utasikia mama anaanza kwa sauti kubwa, mdomo karibu kabisa na redio, ili mchakacho usimmeze na yeye. Anasema, “Marahaba, mwanangu.” Usiitikie. Hiyo si yako.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata ukinificha mambo,

Vumilia