Zege Lisimwagwe Nyuma ya Jikoni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na baba, kikohozi kimemwachia au bado anajifanya hakipo? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kabla hujasoma zaidi, tafadhali mtume mtu kwa fundi mwashi. Asimwage zege pale nyuma ya jikoni! Dada ameniambia anaanza Jumamosi. Najua ile kona ya matope imekuchosha, lakini nisikilize kwanza.

Unakumbuka nilipokueleza kazi yetu ya maabara, ukacheka na kuuliza kama nimesoma kote huko ili nije kukamua udongo? Basi mama, udongo umekamulika! Ndani ya tope wamo bakteria wasioonekana kwa macho. Wakila mabaki yaliyooza, wanatoa umeme. Tunafukia kitambaa cha kaboni chini, kingine tunakilaza juu kwenye hewa, tunaviunganisha kwa waya. Umeme wenyewe ni kiduchu, hauchemshi hata kikombe cha chai. Ila unakitosha kihisi, kile kidude kinachopima unyevu wa shamba na kumtumia mkulima habari kwenye simu, bila betri ya kubadilisha.

Shida ni kwamba kihisi chetu kilikuwa kinawaka kidogo tu, kisha kinazima. Bosi wetu, mama mmoja msafi kupindukia, alitufundisha kuchekecha kila udongo na kuuanika juani, ili vipimo visitudanganye. Tukaanika kwa bidii kama watu wenye mahindi. Kumbe tulikuwa tunawaua wafanyakazi wetu wenyewe! Wakubwa wakatangaza kuwa mradi utafungwa, na bosi akaanza kufungasha vitabu vyake. Nilimhurumia sana.

Mfa maji haishi kutapatapa. Nikaleta tope ambalo halijaanikwa: bichi, jeusi, linanuka. Bosi alishika pua akaniuliza kama akili zangu zimetimia. Nikamwomba aniache nijaribu. Tukafukia kitambaa, tukasubiri, na kihisi kikawaka! Kesho yake kikawaka tena, na mpaka leo hakijazima. Bosi alinikumbatia na matope yangu yote, yeye asiyeshika hata kitasa bila kitambaa. Sasa wakubwa wamekubali kungoja, lakini wanataka turudie kila kitu mbele yao, kwa tope jipya kutoka pale pale nilipochota lile la kwanza. Tusipolipata, tunafunga.

Hapa ndipo nakuomba usinipigie kelele. Tope lile ni lako, mama, la pale unapomwaga maji ya vyombo. Nililichota asubuhi ile nilipokuwa naondoka baada ya likizo, na sikuona cha kubebea ila bakuli lako lenye mfuniko wa bluu. Ndiyo, lile lile ulilomnunia mama mdogo, ukidai aliondoka nalo. Nilikusikia kwenye simu ukimlaumu, nikatulia kama maji ya mtungini. Nisamehe. Mpigie leo, umwambie mwizi amepatikana, tena ni wa tumbo lako.

Bakuli lenyewe kulirudisha siwezi. Limejaa tope na nyaya, na hivi ninavyoandika taa yake ya kijani inanikonyeza hapa mezani. Nitakuja Ijumaa na ndoo, na bakuli jipya. Nisalimie baba na dada, na zaidi ya wote mama mdogo. Nawe endelea kumwaga maji ya vyombo pale pale, mama, kwa moyo mweupe.

Ni mimi kitindamimba wako,
mwizi wa bakuli