Ukuta wa Makaburi ya Les Frasses

Les Frasses, juma la Pentekoste, 1724

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Annecy kwa dada Étiennette, na kwamba kifua hakikusumbui tena tangu baridi ipungue. Sisi huku hatujambo. Ng'ombe wamepanda malishoni na jibini la kwanza limeshakandamizwa. Shemeji akusomee polepole, maana nina mengi.

Ulisikia kwamba Pernette, mke wa kaka Aimé, alijifungua mwezi wa pili. Hukusikia yote. Mtoto alikuwa wa kike na alitoka bila pumzi. Mkunga Guigone alimpiga mgongoni, akampulizia mdomoni, akamwogesha kwa divai ya moto, wapi. Hakumbatiza, kwa sababu hakuona dalili hata moja ya uhai, naye ni mwanamke asiyesema asichokiona.

Unajua ardhi yetu inavyoganda wakati huo. Aimé alitengeneza sanduku dogo, akaliweka juu ya paa chini ya theluji, kama tunavyowaweka wafu wetu wote mpaka ardhi ilainike. Kisha akaenda kumwomba Padri Mermoud nafasi makaburini. Padri alimjibu kwa upole kwamba haiwezekani. Asiyebatizwa hazikwi ndani ya ukuta. Mtoto hateswi, alisema, ila yuko limbo, mahali pasipo moto na pasipo uso wa Mungu.

Basi wakaanza kubishana, Mama, wakabishana mpaka Kwaresima. Padri alikuwa akija jioni kula supu ya kabichi kwetu, na bakuli halijapoa wameshaanza. Aimé alimuuliza yule mwizi msalabani alibatizwa na nani. Padri akasema mwizi alimtamani Kristo kwa moyo wake, na tamaa hiyo ni ubatizo kwa aliyekosa maji. Aimé akauliza habari za watoto wa Betlehemu waliouawa na Herode. Padri akasema wale walibatizwa kwa damu yao. Aimé akapiga meza. "Kwa hiyo, Padri, wangu angechinjwa ingekuwa afadhali?"

Padri hakukasirika. Ndipo Pernette, ambaye hakuwa amefungua mdomo jioni zote hizo, aliposema, "Mtoto hakuweza kutamani, sawa. Lakini mimi nilitamani kwa ajili yake miezi yote ile. Tamaa yangu mimi mama yake haitoshi?"

Padri aliweka kijiko chini. Alisema kwamba mwalimu mmoja mkubwa wa Kanisa aliwahi kuandika hivyo hivyo, na Roma ikaamuru maneno yale yafutwe. Pernette akasema, "Kumbe yaliwahi kuandikwa." Padri akaaga bila kumaliza supu.

Hapo Pernette akashika neno moja tu: njia ya mlimani ikifunguka, atampeleka mtoto ng'ambo, kwenye kikanisa cha Bikira Maria ambako watoto waliozaliwa wafu huwekwa mbele ya altare mpaka waonyeshe dalili ya uhai, wabatizwe, ndipo wafe tena. Padri alimwonya kwamba askofu amekataza jambo hilo. Pernette akamjibu kwamba askofu hajawahi kuzaa.

Baada ya Pasaka tulikwenda, yeye, Aimé na mimi, sanduku likiwa mgongoni kwa Aimé. Kikanisani tulimkuta mama mmoja kutoka bondeni amemlaza mwanawe juu ya jiwe, kati ya mishumaa na chungu cha makaa. Mwanamke mtunzaji wa kikanisa alikuwa ameweka unyoya juu ya midomo ya mtoto. Tukangoja pamoja nao. Mtunzaji alisogeza makaa karibu zaidi, na baada ya muda unyoya ulitikisika ukaanguka. Akapiga kelele, "Anaishi!" Akamwaga maji haraka na kutamka maneno, kengele ikapigwa. Mama yule alicheka na kulia, akatukumbatia sisi tusiomjua.

Mtunzaji akatugeukia, akasema, "Haya, leteni wenu." Pernette aliweka mkono juu ya kifuniko. Akasema, "Hapana. Twendeni nyumbani."

Aimé alikasirika sana, Mama. Siku zote mbili tulizotembea, sasa hapana? Pernette alingoja mpaka tukafika nje, yule mama asisikie. Akasema hataki kumharibia mtu furaha yake, na pengine kwake ilikuwa kweli. "Lakini mimi nimeshamzika huyu moyoni. Wakimfufua kwa dakika moja ili afe tena, nitamzika mara mbili. Nimemtakia mbingu. Mungu kama hasikii hilo, hata kengele hataisikia."

Tulirudi. Aimé alimzika nje ya ukuta, upande wa kaskazini, penye kichaka cha waridi mwitu, wanakozikwa wote wasiobatizwa.

Sasa, theluji ya mwaka huu ilikuwa imeubomoa ukuta upande ule ule. Wanaume walipokusanyika kuujenga, Aimé ndiye aliyevuta kamba ya kuonyesha mstari. Aliivuta mbele zaidi, mpaka ng'ambo ya kichaka kile cha waridi. Mzee Nicod, mchimba makaburi, akamtania, "We Aimé, kamba yako imelewa nini?" Aimé akajibu kwamba ardhi imesogea. Nicod alimtazama, akatema mate, akaenda kuchimba msingi pale pale kwenye kamba. Wengine wakamfuata. Karibu kila nyumba ina mtu wake upande ule.

Padri Mermoud alikuja adhuhuri. Kazi ilisimama. Aliangalia ukuta, kisha akauliza mawe ya kuongezea yatatoka wapi, kwa kuwa yaliyoanguka hayatatosha. Akasema yeye hajabadili fundisho lolote, na askofu haandikiwi habari za uashi. Jumapili alizunguka kubariki makaburi, kama ilivyo desturi ukuta ukijengwa upya, akinyunyiza maji huku macho yake yakiwa kwenye kitabu.

Mama, sasa nisikilize. Baba kabla hajafa alinipeleka nje ya ukuta, upande ule wa kaskazini, akanionyesha mahali. Aliniambia kwamba kabla ya Aimé ulizaa mvulana, hakulia, na yeye akamchukua ukiwa bado na homa, wala hakukwambia kamwe alimlaza wapi. Aliniapisha nisikwambie maadamu mtoto yuko nje. Sasa yuko ndani. Yuko chini ya kile kichaka cha waridi, na binti wa Pernette yuko ubavuni pake.

Ukija kwa sikukuu ya Marehemu, nitakushika mkono nikupeleke. Pernette anakuamkia, Aimé pia. Msalimie Étiennette na watoto, na umshukuru shemeji kwa kusoma.

Ni mimi binti yako,
Jacquemine