Nimwapie Melki Umri Usio Wake?

Mpendwa Bi Mwanasha,

Sijui kati yangu na wewe nani wa kumwamkia mwenzake, basi naanza mimi, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa maana sijui tena pa kugeukia. Mimi ni mjane, naishi Malolo, nalima vitunguu na mahindi kidogo, ni Mwanglikana, na kwenye umoja wetu wa akina mama kanisani mara nyingi ni mimi ninayefungua kwa sala, nayasema haya ili ujue kwamba kiapo kwangu si jambo la mchezo.

Nina watoto wawili wa rika moja, mmoja nilimzaa na mwingine nililetewa. Yudith nilimzaa mimi. Melkizedek ni wa shemeji yangu Beda, kaka wa marehemu mume wangu. Mama yake, Perpetua, alifariki akijifungua, damu ilitoka ikakataa kukata, na wakati huo Yudith wangu hajatimiza hata mwezi, nikaletewa kile kitoto kimefungwa kwenye kanga ya mama yake, nikakipa titi la kushoto na Yudith la kulia, wakakua hivyo hivyo, wakatambaa pamoja, wakaanza shule pamoja, watu wa hapa wanawaita pacha, na Melki ananiita mama kwa sababu hajui mama mwingine. Sasa wote wana miaka ishirini na saba.

Melki ana stashahada ya kilimo. Alipata kazi ya mkataba Kidodi, anasimamia upakiaji wa miwa kwenye malori, mkataba ukaisha hawakumwongezea, akarudi nyumbani, amekonda, kanisani haji tena kwa sababu kila anayekutana naye anamuuliza, "Vipi, umepata?" Sasa limetoka tangazo la ajira serikalini, hizi kazi za kuvaa sare, kuna usaili wa kuandika na wa kukimbia, na huyu mtoto kichwa anacho na miguu anayo, isipokuwa tangazo linasema mwombaji asizidi miaka ishirini na mitano. Miaka miwili tu, Bi Mwanasha, yaani miaka miwili ndiyo inayomfungia mlango, na ukihesabu ile aliyokaa nyumbani akisubiri ada ya chuo na ile aliyokaa akisubiri kazi, siyo yeye aliyeichezea.

Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kukatiwa. Jumapili Beda akaja kutoka Ruaha, akanywa chai, halafu akasema, "Shemeji, twende Mikumi kwa wakili ukaape kwamba Melki alizaliwa miaka miwili baadaye, kiapo kile ndicho tutakachoombea cheti. Mimi baba mtu nilikuwa safarini siku zile. Wewe ndiye uliyekuwepo, neno lako ndilo lenye uzito."

Nikamwambia, "Shemeji, hawa nimewanyonyesha pamoja. Nitamfanyaje mmoja awe mdogo?"

Akacheka. "Kwani wakili anamjua Yudith?"

Nikamtazama Melki, nikidhani atamkatalia baba yake. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua vitunguu, hakuinua kichwa, akasema taratibu tu, "Mama, kama ungenizaa ungekubali."

Bi Mwanasha, maneno hayo yananifuata shambani, yananifuata jikoni, nikiwa kwenye sala yananikatisha sala. Sikumjibu kitu. Beda akachukulia nimekubali, akasema Ijumaa atanipitia na pikipiki.

Sasa sikia la pili ambalo Melki halijui. Mwaka jana Yudith naye alitaka kuomba kazi ya namna hiyo hiyo, na umri ulikuwa umempita kidogo sana, wiki chache, akanijia akaniomba nimwapie, akalia mpaka akalala chini, nami nikamkatalia, nikamwambia nyumba hii haiapi uongo, akafuta machozi akaenda Mikumi, akafungua kiduka cha steshenari, anachapa na kutoa kopi na kuwajazia watu maombi ya kazi kwenye mtandao. Aliniomba nisimwambie mtu kwamba aliwahi kuniomba jambo lile, aliona aibu. Juzi Melki akaenda dukani kwake kumwambia amwandalie maombi, cheti kinakuja. Yudith hakumweleza kitu. Akanipigia mimi.

"Mama, utamwapia?"

"Sijui, mwanangu."

"Mimi ulijua hapo hapo, hukuhitaji kufikiri. Ukienda kwa wakili Ijumaa usipite dukani kwangu." Akakata simu.

Nikiapa, Yudith nimempoteza na Mungu wangu sijui nitamwambia nini. Nisipoapa, Melki atajua maisha yake yote kwamba mimi ni mke wa baba mdogo tu aliyemsaidia kumkuza. Na hofu nyingine ni kwamba siku moja watakuja watu kuuliza nilimwapia kwa lipi. Nimebaki naogopa kila pikipiki inayosimama nje. Nifanye nini?

Rebeka, Malolo

*

Mama Melki, marahaba. Nakuita hivyo kwa makusudi.

Barua yako isingeweza kusubiri zamu ya gazeti, ndiyo maana nilikupigia siku ile ile. Niliyokueleza kwenye simu nayaandika hapa kwa ruhusa yako, majina nikiwa nimeyabadilisha, kwa sababu uliyoandika wewe yako kwenye nyumba nyingi.

Nikupe pole kwanza. Sharti la umri linauma. Kijana anasubiri ada, anasubiri ajira itangazwe, na ikitangazwa anaambiwa amechelewa. Ana haki ya kuwa na uchungu, nawe una haki ya kuuona uchungu wake.

Lakini usiende kwa wakili. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na wa kwanza kuulizwa ni wewe uliyeapa, siyo Beda aliyekunywa chai. Halafu mnamdanganya nani? Huyu kijana tarehe yake ya kuzaliwa iko kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye kumbukumbu za shule tangu darasa la kwanza. Vikilinganishwa, anaondolewa. Visipolinganishwa mwaka huu, atafanya kazi miaka kumi akiogopa kila barua inayotoka kwa mkubwa wake, kama wewe sasa unavyoiogopa pikipiki. Hayo ndiyo maisha unayomtakia?

Sasa nikugombeze kidogo. Umemlea huyu mtoto kama mgeni anayeweza kukasirika akaondoka. Binti yako ulimwambia hapana bila kumung'unya maneno, kwa sababu ulikuwa na uhakika kesho atakuja kukuomba chumvi. Melki amekutupia neno moja zito ukanyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kunakomfanya aamini kuwa kweli si wako. Lile neno lilikuwa baya na alijua linapogonga. Basi mjibu. Mwambie, "Yudith nilimzaa, na Yudith nilimkatalia." Muombe Yudith ruhusa kwanza, kisha uyaseme mbele yao wote wawili, na Beda akiwepo ndiyo vizuri.

Ulinipigia tena Jumamosi, ukaniambia yaliyotokea. Yudith aliruhusu, akafunga duka akaja Malolo. Beda alifika na pikipiki mbili za kukodi, moja imembeba yeye na ya pili ya kukubeba wewe. Ukasema huendi. Akaanza kupandisha sauti, na Melki akarudia lile lile: "Nilijua. Ungenizaa ungeenda." Nawe ukamjibu. Umesema uliyamaliza maneno yote.

Akamgeukia Yudith. "Ulimwomba? Lini?"

"Mwaka jana."

"Akakukatalia wewe?"

"Nililala pale chini nikalia. Hakwenda."

Unasema Beda akasema wanawake wamemharibu mtoto, akapanda pikipiki akaondoka, na Melki akampa yule dereva wa pili nauli yake, akatoka akaelekea mtoni kwa miguu bila kumuaga mtu. Ulikuwa unalia uliponiambia. Unataka kujua kama umempoteza.

Hujampoteza. Angetaka kukuacha amfuate baba yake, angepanda ile pikipiki ya pili.

Ya kufanya ni haya. Usimkimbilie na usiombe radhi, hukukosa. Mpakulie kama siku zote. Akila, akiacha, mpakulie tena. Yudith amwonyeshe matangazo ya kazi za kiraia serikalini, maana mengi yanapokea waombaji mpaka miaka arobaini na mitano, na maofisa ugani wanatafutwa. Amjazie maombi kwa tarehe yake ya kweli, na aombe na ya kwake, kwa nini yeye abaki kuwachapia wengine? Cheti cha kuzaliwa mkaombe sasa, ukaape ulichokiona kwa macho yako, kwamba alizaliwa mwezi mmoja na binti yako. Halafu wawili hao wakae mezani wajisomee usaili pamoja, kama walivyosoma walipokuwa wadogo.

Shemeji yako akirudi na maneno, mpe namba yangu. Nitamwamkia vizuri, halafu tutaongea.